Marahaba Kabla ya Shikamoo

Maneno yalianzia mashineni. Restituta alikuwa ameweka debe lake la mahindi kwenye foleni, amejifunika shuka hadi puani kwa baridi ya Maretadu, na wanawake wawili waliokuwa mbele yake hawakumtambua.

"Scolastica hajaenda popote," mmoja alisema. "Yumo ndani ya yule mtoto wa Restituta. Jana nimepita pale, nimesalimiwa na marehemu."

"Acha wewe!"

"Haki ya Mungu tena. Sijafungua mdomo, mtoto ananiambia, 'Marahaba mwanangu, huko kwenu hawajambo?' Sauti ile ile. Mpaka kile kikohozi chake."

"Yesu wangu. Na wewe ukajibu?"

"Nijibu nini? Nilikimbia na ndoo yangu ikiwa tupu."

Restituta alijifanya hasikii. Alisaga, akajitwisha unga ukiwa bado wa moto, akapanda mlima kwenda kwake, na yale maneno yakapanda naye. Alijaribu kuyacheka, hayakuchekeka. Alijaribu kuyakasirikia, nayo yakakaa tu. Kilichomtesa ni kwamba asubuhi ile ile, akiwa zizini anakamua, alisikia sauti ya mama mkwe ikiita, "Restituta, ndama huyo!" naye akaitika, "Naam, mama." Alikuwa ameshainuka, maziwa yameshamwagika, ndipo akakumbuka kuwa mama mkwe walimzika mwaka jana, mwezi wa nne. Aliyeita ni Rogathe, binti yake wa miaka minane, aliyekaa kwenye kigoda cha bibi yake akiwa amewapa watu wote kisogo.

Rogathe alikuwa darasa la kwanza, na wenzake aliozaliwa nao walishaingia la tatu. Alichelewa kusema. Alipoanza, hakuanza na "mama" wala "maji" kama watoto wengine. Alianza na sentensi nzima nzima za watu wazima, kama mtu anayerusha rekodi. Hakukutazama usoni. Alikutambua kwa miguu. Siku katekista Alfredi alipobadilisha viatu vyake vya tairi akaja na raba nyeupe, Rogathe alilia mpaka mzee wa watu akaondoka bila kunywa chai. Lakini mpe sinia la maharage yaliyochanganyika, uende shambani, urudi: utakuta ameyatenga mafungu kumi na moja. Restituta, aliyelima maharage tangu utoto, aliona aina nne tu pale. Ilibidi ainame sana kuona kwamba mtoto ametenga kwa kile kidoa kidogo kwenye jicho la punje.

Sasa, hiyo marahaba aliitoa wapi? Haikuwa na siri yoyote, kama mtu angejisumbua kufikiri. Bibi Scolastica aliwahi kufanya kazi misheni ujanani, akapenda kusalimiwa kwa Kiswahili. Miaka sita alikaa mlangoni na mjukuu wake, njia ikipita mbele yao. Mtu akitokea, bibi anasema, "Marahaba mwanangu, huko kwenu hawajambo?" Mwingine akitokea, marahaba. Rogathe aliyashika hayo kama yalivyo, na sauti yake na kikohozi chake. Watu wakija, neno lake ni marahaba. Mtoto mwingine angejua bila kuambiwa kwamba neno lile ni la mkubwa, la mdogo ni lingine. Rogathe hakujua, na hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu nani anafundishwa kitu ambacho kila mtu anakijua?

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Hilda, jirani. Hilda alikuwa anakula uwanjani kwake, Rogathe akapita, Hilda akasema, "Karibu chakula," kama tunavyosema sote. Rogathe akaenda, akanawa, akakaa, akala ugali wa watu mpaka ukaisha. Kesho yake saa ile ile akarudi, akanawa, akakaa.

"Mama Rogathe," Hilda alisema mbele ya watu pale bombani, "kama kwako hakuna unga si useme?"

Restituta alicheka pamoja nao. Ndoo ilipojaa aliinua haraka, maji yakamwagikia mgongoni.

*

Karatasi ilitoka shuleni siku ya Alhamisi, imebanwa kwenye daftari: Mzazi ufike bila kukosa. Ijumaa asubuhi alimwacha Rogathe nyumbani, akaenda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa." Mwalimu mkuu Yonas alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa, fimbo yake imelala mezani pembeni ya rejesta. "Mwanao umemwacha?"

"Nimemwacha."

"Afadhali. Maana leo sikutaka kupewa marahaba nyingine." Alivua miwani. "Mama, Jumanne tumepata mgeni kutoka wilayani. Ameingia darasa la kwanza. Darasa zima limesimama, 'Shikamoo mgeni!' Wa kwako amekaa sakafuni anapanga visoda. Halafu anamwambia mgeni, 'Marahaba mwanangu, huko kwenu hawajambo?' Mgeni ana mvi, mama! Ana mvi!"

"Alikasirika?"

"Nani, mgeni? Alicheka. Mimi ndiye sikucheka."

Mwalimu wa darasa, msichana aitwaye Angela ambaye hata mwaka hakuwa amemaliza pale, alikuwa amesimama mlangoni na boksi la chaki. "Mwalimu mkuu, vile visoda alikuwa amevipanga kumi kumi. Mia moja na arobaini. Wenzake bado wako ishirini."

"Mwalimu Angela, naongea na mzazi."

"Samahani."

"Mama, mimi sina ugomvi na mtoto. Ila shule ina utaratibu. Watoto mia na kitu, kila mmoja akitoa marahaba, hapa patakuwa wapi? Jumatatu saa mbili umlete hapa ofisini. Asalimie walimu kama mtoto mwenye wazazi. Akisalimia, anarudi darasani. Asiposalimia, utafute shule ya watoto wa namna hiyo."

"Iko wapi, mwalimu?"

Alifikiri kidogo. "Utauliza," alisema.

*

Jioni shemeji yake Tluway alikuja. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wake, mtu mwenye wajukuu, na maneno ya mashineni yalikuwa yamemfikia yakiwa yameongezeka uzito. Alisimama uwanjani, kofia mkononi. Rogathe alikuwa kwenye kigoda, sinia la maharage mapajani.

"Marahaba mwanangu," Rogathe aliyaambia mabuti yake, "huko kwenu hawajambo?"

Tluway akapiga goti. Mzee mzima, kwenye kinyesi cha kuku. "Shikamoo mama."

"Kaka, inuka," alisema Gidion, mume wa Restituta, kwa aibu.

"Nyamaza wewe. Mama, kama una neno, sema. Tumekukosea wapi?"

Rogathe aliokota punje moja, akaigeuza, akaiweka. Kuku mmoja alipita mbele yake akielekea ndani.

"Fungeni mlango!" Rogathe alisema, na ilikuwa sauti ya bibi kabisa, ya hasira na kikohozi. "Fungeni mlango, kuku wanaingia!"

Tluway alimgeukia mdogo wake polepole. "Umesikia?"

"Nimesikia. Kuku, kaka. Amesema kuku."

"Kuku ni sisi!"

"Shemeji," Restituta alisema, "mama alisema hivyo kila siku ya Mungu. Alisema kwa sababu kulikuwa na kuku. Si huyo hapo?"

"Wewe umeolewa hapa. Mama ni wetu." Tluway alijipangusa magoti. "Mama anasema nyumba ifungwe. Mtoto asionekane barabarani, asiende shule, mpaka tupate mtu anayejua kuongea naye. Nitaleta kufuli."

Restituta alimtazama mume wake. Gidion alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa wa kutopenda kelele. Alikwangua udongo kwenye jembe kwa muda mrefu.

"Kwani Jumatatu si anaenda kusalimia walimu?" alisema mwishowe. "Basi. Akisalimia, maneno yataisha yenyewe. Asiposalimia, kaka alete hilo kufuli. Mimi nimechoka kuulizwa kila mahali."

*

Jumamosi baada ya chai, Restituta alimsimamisha binti yake nyuma ya nyumba.

"Rogathe. Sema shikamoo."

"Sema shikamoo," alisema Rogathe.

"Hapana. Usiseme 'sema'. Sema shikamoo."

"Usiseme sema, sema shikamoo."

"Shi-ka-moo! Hilo tu!"

"Hilo tu."

Walienda hivyo mpaka jua likawa utosini. Alimbembeleza, akamwahidi yai, akamshika kidevu amwangalie, na mtoto akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Restituta aliona mlango ukifungwa. Aliliona na kufuli lenyewe. Alikuwa na siku moja na nusu, akili zikamwisha, akavunja kijiti kwenye ua.

Hakupiga sana. Alijiambia hivyo wakati anapiga. Alipiga miguuni tu, akisema neno lile, akiinua kijiti, akisema neno lile. Mara ya kwanza Rogathe alipiga yowe. Mara ya sita alinyamaza na kutetemeka. Jumapili baada ya misa wakaendelea, na mchana, kijiti kilipoinuka tu, mtoto akasema:

"Shikamoo."

Restituta alikishusha. Akakiinua tena.

"Shikamoo."

Akakishusha, akakiinua.

"Shikamoo."

"Baba Rogathe! Njoo uone! Baba Rogathe!"

Gidion alikuja, akaona, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Ameshika. Kumbe alikuwa anadeka tu." Restituta alimpa mtoto maziwa na lile yai la ahadi, akaenda nyuma ya choo akalia kwa furaha, au alidhani ni furaha. Katika mazoezi yale yote hakuangalia hata mara moja macho ya mtoto yalikuwa yanatazama wapi.

*

Jumatatu saa mbili walimu watano walikuwa ofisini. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya meza yake. Angela alikuwa dirishani. Mwalimu Alex wa hesabu alisimama na kikombe cha uji, amekuja kuona mambo.

"Haya, Rogathe," alisema Yonas, na hakusema kwa ubaya.

Rogathe alitazama viatu. Jozi tano kwa mara moja. Alivuta shuka ya mama yake akajificha nusu.

"Sema," Restituta alimnong'oneza.

"Sema."

Alex alicheka ndani ya kikombe. Restituta alisogea karibu na meza. "Mwalimu, anajua. Nyumbani anasema. Jana amesema mara nyingi tu, hata baba yake shahidi."

"Sawa, mama, tusimharakishe. Akae kwanza pale." Yonas aliinua fimbo yake kutoka mezani ili aoneshe kiti.

Rogathe alinyooka kama askari. "Shikamoo!"

Lilisikika mpaka nje. Restituta alipiga makofi mawili kabla hajajizuia. "Umesikia mwalimu! Amekusalimia!"

"Marahaba, marahaba," Yonas alisema akitabasamu kweli. Akaishusha fimbo, akazunguka meza kuja kumpa mkono. Lakini Rogathe hakuwa akimtazama. Alikuwa ameona pembeni ya kabati, ambako fimbo za walimu wengine zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Aliwapita walimu wote, akasimama mbele ya fimbo hizo.

"Shikamoo," aliiambia ya kwanza.

"Shikamoo," aliiambia ya pili.

"Shikamoo. Shikamoo."

Aliisalimia na rula ndefu ya ubao. Alikuwa ameikunja miguu, mguu mmoja nyuma ya mwingine, kama mtu anayejaribu kuificha yote miwili. Akauona ufagio.

"Shikamoo."

"Marahaba, anasema ufagio," Alex alisema akacheka. Alicheka peke yake, akanywa uji.

"Mama," Angela aliuliza, "mmemfundishaje?"

Restituta alikuwa na majibu mengi. Alitaka kusema juu ya kufuli, na juu ya mashine, na juu ya Hilda pale bombani. Alitaka kusema kwamba wao ndio waliompa siku mbili.

"Kwa kijiti," alisema.

Angela alizikusanya fimbo zote pamoja na rula na ufagio, akazitoa nje, akarudisha mlango. Fimbo ya mwalimu mkuu tu ndiyo ilibaki, na Yonas, mtu mzima yule, alijikuta ameificha mgongoni kama mwanafunzi aliyekamatwa na embe. Pumzi ya mtoto ilianza kushuka. Akalitazama boksi la chaki, akautazama mguu wa meza, akaviona viatu vya Yonas.

"Marahaba mwanangu," alisema, akakohoa kidogo. "Huko kwenu hawajambo?"

"Hiyo ndiyo salamu yake, mwalimu mkuu," Angela alisema. "Ile nyingine alikuwa anaomba asipigwe."

Yonas alikaa. Alipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. "Lakini tatizo lake ni nini hasa?"

"Chuoni tulifundishwa siku mbili tu, sijui mengi. Wanaita usonji. Si roho na si ukorofi. Anayashika maneno na mahali yalipotokea, yote kwa pamoja, hayatenganishi kama sisi. Bibi alimfundisha bila fimbo na ameshika mpaka kikohozi. Sisi tukimfundisha kwa fimbo, anashika fimbo."

"Na mgeni wa wilaya akirudi?"

"Nitamwambia mapema."

"Hatuna mwalimu wa watoto hawa hapa."

"Hatuna. Na huko aliko huyo mwalimu, mama atafikaje?"

Mwalimu mkuu alimtazama Restituta kwa muda, kisha rejesta, kisha Restituta. "Abaki mpaka tufunge mwezi wa sita. Akinivurugia darasa sitaki maneno. Na saa nne mapumziko uwe hapa wewe mwenyewe, kila siku, maana watoto watamzonga, na mimi siwezi kumwekea mtu mlinzi."

"Kila siku, mwalimu? Na shamba?"

"Mama, nimesema nilichoweza kusema."

Hakujua kama ashukuru. Alishukuru. Njiani kurudi nyumbani Rogathe alitembea mbele, na Restituta akaziona alama miguuni mwa mtoto, nyembamba, tano kulia, nne kushoto. Kabla ya kutoka nyumbani yeye mwenyewe alikuwa amezifunika kwa soksi ndefu za kuazima, na soksi zilikuwa zimeshuka tangu asubuhi. Walimu wote walikuwa wameziona.

*

Tluway alikuwa anasubiri, kufuli jipya likiwa bado kwenye karatasi yake.

"Amesalimia?"

"Amesalimia fimbo, shemeji. Na ufagio."

"Usinichekee."

"Sicheki. Mtoto kesho anaenda shule. Na hapa hafungiwi mlango."

"Unamdharau mama yetu?"

"Mama alikaa naye miaka sita hajamfungia hata siku moja," Restituta alisema, na sauti ilimpanda mpaka Hilda akachungulia uani kwake. "Aliyekuwa mwema kwake amekufa. Tuliobaki ndio tumekuja na kijiti na kufuli. Mimi nimeshapiga. Na wewe unataka kufunga. Tumuulize nani sasa kama mama anafurahi?"

Tluway aliliweka kufuli juu ya kigoda, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Gidion alikuja akalichukua. Alilizungusha mkononi, akalitia mfukoni mwa koti, akaenda kwa ng'ombe. Hakusema ni la mlango gani, na Restituta hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Alichana karatasi mbili kutoka daftari la shule. Mwandiko wake ulikuwa wa darasa la saba, herufi kubwa kubwa, na aliandika taratibu kwa sababu hakutaka kurudia. Moja aliibandika kwa ugali nyuma ya mlango, usawa wa macho ya mtu mzima. Nyingine ilikuwa ya Mwalimu Angela.

MAMBO YA KUEPUKA KWA ROGATHE

Usimshike kidevu ili akuangalie. Anasikia bila kuangalia.

Akiziba masikio usimtoe mikono. Mashine ya kusaga na kengele vinamuuma kweli, hafanyi makusudi.

Usimwambie "karibu" unapokula kama hutaki ale.

Usimwambie "nakuja" wakati unaondoka. Atakusubiri pale pale, hata mvua ikinyesha. Mwaka jana nilimwacha hivyo gulioni.

Usimwambie "sema hivi". Sema wewe mwenyewe, akiwa karibu, siku nyingi, bila hasira.

Usishike fimbo mbele yake, hata ya ng'ombe. Hili ni kosa langu na limeshatokea.

Usivuruge maharage yake wala visoda kabla hajamaliza.

Ukivaa viatu vipya usinyamaze. Mtajie jina lako.

Usimuulize habari za marehemu. Muulize habari zake.

Usicheke watu wakicheka.

Usimwambie "mama anakuja sasa hivi". Mwambie saa nne. Saa nne nitakuwa nimefika.